Inavuta Hewa

Zaitun alikuwa ameketi pale pale alipoketi jana na juzi, kwenye ngazi ya nyuma ya kituo cha polisi Tarime, bakuli la wali limefungwa kitambaa mapajani mwake. Askari wa zamu walimpita wakienda na kurudi. Wengine walikuwa wateja wa mumewe, pikipiki zao zilipona mkononi mwake, lakini asubuhi ile kila mmoja alikuwa na haraka ya kufika mahali.

"Shikamoo, mama," alisema Sajenti Pudensiana.

"Marahaba, mwanangu." Yule mama aliinua uso. "Leo wewe ndiye wa kwanza kunisalimu. Hata majirani siku hizi wakinikuta kisimani wanakumbuka wameacha kitu jikoni."

Pudensiana aliijua sana hali hiyo. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili Tarime, mgeni kutoka Muleba, mwanamke peke yake katika ofisi ya upelelezi, na alikwisha zoea kuingia mahali mazungumzo yakakatika. Alipika chakula cha mtu mmoja, akala, akaosha sahani moja. Redio ikisema kitu cha kuchekesha alicheka, kisha akajisikia vibaya kwa kucheka peke yake. Lakini yeye alikuwa polisi, na upweke ulikuja pamoja na sare. Zaitun alikuwa mtu wa mji huu tangu aolewe, na mji ulikuwa umemgeuka katika muda wa wiki moja tu.

"Mume wangu si mwongo," Zaitun alisema. "Mwulizeni lolote, atawaambia kweli."

"Hapo ndipo penye taabu, mama. Tumemwuliza, na ametuambia."

Mwaka ule wa tisini na tatu dhahabu ilikuwa imewatia watu kichaa. Huko Kemambo mashamba ya mahindi na mihogo yaligeuka mashimo, wenyewe wakiyaita maduara, na mtu aliyejulikana kwa ng'ombe wake jana leo alijulikana kwa shimo lake. Machage alikuwa mmoja wao. Wiki iliyopita alishuka ndani ya duara lake pamoja na pampu ya petroli ya kutolea maji, akaiwasha huko chini kabisa, na walipomvuta juu kwa kamba alikuwa amekwisha kufa. Daktari alisema ni moshi wa mashine. Moshi ule humlaza mtu kama usingizi, hana hata habari.

Mdogo wake, Rubeni, ndiye aliyekuwa ameipeleka pampu ile kwa fundi na kuirudisha. Alikuja kituoni macho yamevimba akasema maneno ambayo kila mtu Tarime aliyajua sasa: fundi Shaaban alituambia pampu inavuta hewa, tuishushe chini.

Basi Shaaban, mume wa Zaitun, akakamatwa. Na Shaaban, badala ya kukataa kama watu wenye akili zao wanavyokataa, akakubali nusu.

Pudensiana aliagiza aletwe chumba cha mahojiano kwa mara ya mwisho. Alikuwa mzee wa makamo, mkavu, kofia ya kufuma kichwani, mikono yake ina weusi wa oili usiotoka hata kwa sabuni ya mahabusu. Baba yake alikuja kutoka Pangani na mkoba wa vifaa, akafia hapa.

"Fundi, nakuuliza tena. Ulimwambia Rubeni kwamba pampu inavuta hewa?"

"Nilimwambia."

"Kwa maneno hayo?"

"Hayo hayo. Nilisema pampu nzima, inavuta hewa tu."

"Ukamwambia waishushe ndani ya duara."

"Hilo sikusema."

"Lakini la kwanza ulisema."

"La kwanza nilisema, afande. Nitalikanaje? Ilikuwa inavuta hewa kweli."

"Inaivuta wapi hiyo hewa?"

"Kwenye mpira. Lakini mpira wenyewe sikuuona, waliuacha huko huko kwao."

Pudensiana aliliandika jibu lile. Watu wakikalia kiti kile husahau hata majina ya wake zao, na huyu alikuwa anajichimbia kaburi kwa ulimi wake, tena kwa utulivu, anatafuta hadi neno sahihi. Ilimuudhi. Alitaka amwone akitetemeka kidogo, ajue pa kushika.

"Ulitengeneza nini kwenye mashine ile?"

"Sikutengeneza kitu."

"Imeshinda kwako kutwa, hukutengeneza kitu?"

"Niliiweka kwenye pipa, nikaifunga mpira wangu, ikatoa maji vizuri. Haikuwa na ugonjwa. Ningetengeneza nini?"

"Na ujira?"

"Ujira wa kazi gani?"

Ofisini, Inspekta Selestine hakutaka hata kusikiliza hadi mwisho. Alikuwa bosi wake, mtu wa haraka, na mbele yake kulikuwa na mafaili mengine ya Kemambo yanayosubiri: watu kukatana mapanga, watu kufukiwa na udongo, watu kupotea tu.

"Sajenti, mtu amekiri. Unataka akuimbie?"

"Amekiri nusu, afande. Nusu ile nyingine ndiyo iliyoua."

"Kesho asubuhi gari la mahabusu linakwenda Musoma. Anakwenda nalo, kuua bila kukusudia. Mahakama itamalizia nusu hiyo."

"Naomba nikaijaribu pampu kule kule ilikokuwa. Nichukue fundi mwingine aniangalizie."

Selestine alitazama dirishani. "Urudi leo," alisema.

Fundi mwingine alikuwa Rabson, mwenye karakana karibu na stendi, kijana wa Sirari aliyejifunzia kazi ng'ambo ya mpaka na kurudi na Kiswahili cha huko. Alipanda mbele ya Landrova bila kubembelezwa, akiwa amebeba mfuko wa spana, na safari nzima hakufunga mdomo. Shaaban alikuwa amemnyang'anya wateja kwa miaka, na leo ilikuwa sikukuu yake.

"Mimi nakwambia madam, huyo mzee amekula kitu. Hakuna fundi anarudisha mashine bila kuifungua. Ati imekuja mbovu, imerudi nzima, na hajagusa? Na hajalipisha? Wee! Alitoa kabureta orijino, akaweka feki. Ndiyo maana hakuchukua kitu, alikuwa ameshajilipa."

"Una hakika?"

"Nitakufungulia uone na macho yako."

"Wewe ungeletewa mashine ambayo haina ugonjwa, ungefanyaje?"

"Mimi? Ningebadilisha plagi." Rabson alicheka. "Hata kama plagi iko sawa. Mteja akiona kitu kipya roho yake inatulia. Ukimwambia mashine yako haina shida, anakuona mwizi."

Alisema hivyo bila haya hata chembe, na Pudensiana, akikwepa mashimo ya barabarani, alijikuta anakubali. Hata yeye, aliposikia kwamba Shaaban hakuchukua kitu, ndipo alipomshuku zaidi. Aliona vibaya kidogo kujijua hivyo.

Walipofika machimboni, kelele za nyundo zilipungua. Wanaume waliokuwa wakiponda mawe walimtazama, wakatazamana, wakanyamaza. Alizoea. Aliwasalimu, wakaitikia kwa midomo iliyofungwa nusu, kisha kazi ikaendelea kwa sauti ya chini, kama kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Duara la Machage lilikuwa pembeni, limezibwa kwa magogo. Kando yake palikuwa na dimbwi la maji yaliyotolewa shimoni siku za nyuma, na juu ya udongo mpira mrefu mweusi ulikuwa umejikunja, vumbi tupu. Pudensiana na Rabson waliishusha pampu garini, ikiwa bado na karatasi ya kielelezo shingoni.

"Fungua," alisema Pudensiana.

Rabson alifungua. Alianza kwa mbwembwe, akipiga mluzi, na kadiri alivyoendelea mluzi ule ukapungua. Aligeuza kabureta huku na huku. Akaisugua kwa kidole gumba. Akatazama plagi, akatazama chujio.

"Feki iko wapi?"

"Subiri, madam."

Alisubiri. Rabson alirudisha skrubu moja moja mahali pake.

"Kila kitu ni orijino," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa chakula. "Hajagusa."

Basi hilo lilikufa. Pudensiana alisimama akijipangusa mikono, hajui aanzie wapi, na hapo ndipo sauti ilipotoka kwenye duara la jirani, kutoka chini ya ardhi kabisa, ya mtu aliyekasirika, akiwaita vijana kwa Kikurya:

"Mura! Nani anavuta hewa huko juu? Mmelala?"

Mwanaume mmoja aliacha kikombe cha uji, akakimbilia kwenye sanduku la mbao lenye gurudumu, akashika mpini na kuanza kuzungusha. Kutoka kwenye sanduku lile mfereji wa magunia yaliyoshonwa uliteremka shimoni.

Pudensiana alimsogelea. "Samahani, ndugu. Hapo unafanya nini?"

"Navuta hewa, afande."

"Hewa gani?"

"Hewa nzito ya chini. Isipovutwa taa inazimika, na mtu naye anafuata. Kila mmoja ana zamu yake." Alizungusha, jasho linamtoka. "Kazi ya kuchosha kuliko kuchimba."

"Machage naye alikuwa na sanduku kama hili?"

"Si lile kule? Siku ile hawakuligusa. Rubeni alirudi na mashine akisema fundi kasema inavuta hewa. Hata sisi tulimwonea Machage wivu. Tukasema, huyu sasa amepata mashine ya kutoa maji na kuvuta hewa pamoja."

Pudensiana alikuwa amekuja kutafuta mlango wa kumtolea Shaaban, na kumbe alikuwa anakusanya misumari ya kuufungia. Inavuta hewa, mzee mwenyewe alikubali. Kwenye mpira, mzee alisema. Na mfereji wa kupitishia hewa ulikuwa ule pale, anauona. Kila kitu kilikaa mahali pake vizuri mno.

Alirudi kwa Rabson. "Iwashe tumalize. Tumia mpira wao ule ule."

Rabson aliutumbukiza mpira dimbwini, akaufunga kwenye pampu, akaijaza maji ya kuanzia, akavuta kamba. Injini iliwaka mara moja. Ililia kwa nguvu, kama mtu anayekimbia mteremko bila mzigo, lakini upande wa pili hapakutoka kitu. Baadaye pampu ilitema maji kidogo, ikakata, ikatema tena na mapovu. Rabson alizima, akaijaza tena, akawasha tena. Yale yale. Alipiga magoti tope likimpaka suruali, akapitisha kiganja kwenye mpira pole pole, na bila hata kuinua kichwa akasema, kwa sauti ya mtu anayesema na kazi yake:

"Ah, si pampu hii. Pampu nzima. Inavuta hewa tu."

Pudensiana aliinama karibu naye.

"Umesema nini?"

"Inavuta hewa."

"Rabson, simama. Nitazame. Hewa gani?"

Rabson alisimama, ameshangaa. "Hewa, madam. Hewa ya kawaida. Mpira umepasuka hapa, si unaona? Badala ya kuvuta maji inavuta hewa kwenye hii nyufa. Ndiyo maana injini inalia bure. Ndivyo tunavyosema."

"Mnasema akina nani?"

"Mafundi! Fundi yeyote, Tarime, Migori, popote. Mashine ikivuta hewa ni ugonjwa, unatafuta pale inapovutia, unaziba."

"Shaaban alimwambia Rubeni nini?"

"Alimwambia..." Rabson alianza haraka kama kawaida yake, kisha akakwama. Spana ilikuwa mkononi, akaiweka chini taratibu. Kelele za sanduku la jirani zilisikika vizuri sasa, kwiki, kwiki, mtu akivuta hewa.

"Alimwambia ugonjwa wenyewe," alisema. "Yaani bila kuuona huu mpira. Aliujua kwa kuwa pampu ilikuwa nzima kwake na mbovu kwao." Alijikuna shingo. "Mimi ningebadilisha plagi, madam. Wallahi ningebadilisha plagi, na Machage angebaki na shida yake, angerudi tena kwangu. Angekuwa hai."

Rabson alichana kipande cha tyubu kuukuu, akakizungushia kwenye ule ufa, akakaza kwa waya. Alipowasha, maji yaliruka kwa nguvu yakawalowesha wote wawili, na wachimbaji kule mbali wakageuka kutazama.

Pudensiana alisimama na sare yake iliyolowa, akilipanga jambo kichwani. Karakana ya Tarime na machimbo ya Kemambo yalikuwa yanasema neno lile lile. Kule neno lile lilikuwa ugonjwa, huku lilikuwa dawa. Fundi alitaja maradhi, wenye duara wakasikia tiba. Wala Shaaban asingefikiri kulieleza, kama mtu anavyosema gurudumu halina upepo bila kueleza upepo ni nini. Na yeye Pudensiana, mpelelezi mzima, alikuwa amemwuliza mzee yule kila swali isipokuwa moja.

Lakini alimjua Selestine, na alijua mahakama. Wangesema: sawa, neno moja lina maana mbili, na hili la "tuishushe", je? Hilo lilikuwa la Rubeni peke yake dhidi ya mzee wa watu. Rubeni akilishikilia, Shaaban anapanda gari kesho.

Boma la Machage lilikuwa mwendo mfupi kutoka machimboni. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, udongo wake bado mwekundu. Waisiko, mjane, alikuwa amekaa kivulini akipukuchua mahindi, watoto wamemzunguka, na Rubeni alikuwa akikaza mlango wa zizi. Ndiye aliyebaki mwanaume wa boma lile. Hakuwa na mke, wazazi walikwisha kufa, na tangu utotoni alikula kwenye chungu cha kaka yake, kisha cha Waisiko.

Waisiko alileta viti akarudi kwenye mahindi yake. Rabson alibaki garini, hakutaka kuja.

"Rubeni," alisema Pudensiana, "nieleze tena. Ulipofika kwa fundi ulimwambia nini?"

"Nilikwisha eleza, afande."

"Nieleze mimi, na Waisiko asikie."

Alikaa. "Nilimwambia pampu haitoi maji."

"Yeye akafanyaje?"

"Akaiweka kwenye pipa, akafunga mpira wake, akaiwasha. Maji yakatoka. Akakaa anasikiliza injini, muda mrefu. Akasema pampu nzima, inavuta hewa tu."

"Alipokuwa anaitazama, alikuwa anatazama nini?"

"Maji."

"Ulimwambia duara lenu lina hewa nzito?"

Rubeni alipepesa macho. "Kila mtu anajua maduara yana hewa nzito."

"Fundi Shaaban amewahi kukanyaga Kemambo?"

"Hapana."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia haitoi maji."

"Na mengine?"

"Basi. Hilo tu."

Mikono ya Waisiko ilikuwa bado inapukuchua, lakini polepole.

"Rubeni, nisikilize vizuri, sikutegi. Ulimpelekea mashine isiyotoa maji. Ukamwambia haitoi maji. Akatazama maji. Mtu ambaye hajui kabisa kama mna shida ya hewa chini ya ardhi, atawaambiaje mshushe mashine huko ikawavutie hewa? Hilo wazo atalitoa wapi?"

Alimweleza habari ya mpira, na ufa, na maneno ya Rabson. Alieleza taratibu, bila kupaza sauti, na kila alivyoeleza aliona uso wa kijana yule unaondokewa na damu. Alimwonea huruma. Kama kungekuwa na njia nyingine angeipita.

"Kesho asubuhi mzee anapelekwa Musoma," alisema. "Mkewe amekaa kwenye ngazi yetu tangu juzi. Nani alisema mshushe?"

Kuku walipita katikati yao wakiokota punje. Rubeni aliwafuata kwa macho hadi wakamaliza.

"Kaka aliniuliza," alisema. "Nilipofika pale juu na mashine begani. Akauliza, fundi kasemaje? Nikasema, kasema nzima, inavuta hewa. Akacheka. Akanipiga begani, afande, alifurahi sana. Akasema, kwa hiyo tuishushe chini?"

"Ukasemaje?"

"Sikuwa nimeuliza. Kwa fundi sikuuliza kitu, nilisikia nikaitikia ndiyo, ndiyo, nikabeba. Kaka alinituma nikaulize, na mimi sikuuliza. Niliona haya. Nikasema ndiyo. Fundi kasema tuishushe."

Hapo Waisiko alisimamisha mikono. Hakumtazama Rubeni. Alimtazama Pudensiana, na alisema naye kana kwamba kijana yule hayupo pale.

"Alikuja hapa kula kabla ya kushuka. Alikuwa anacheka. Aliniambia mikono itapumzika sasa, mdogo wangu ametuletea neno zuri. Ndivyo alivyosema. Neno zuri."

"Shemeji," alisema Rubeni.

Waisiko aliinuka, akachukua ungo wa mahindi, akawaita watoto mmoja mmoja kwa majina. Yule mdogo alimng'ang'ania Rubeni mguuni, mama yake akarudi akamwondoa. Wakaingia ndani wote. Mlango haukubamizwa, ulifungwa tu, na komeo likasikika.

Pudensiana aliandika maneno ya Rubeni kama alivyoyasema, akamsomea, Rubeni akatia sahihi bila kusikiliza. Karatasi ile ilitosha. Shaaban angelala kwake leo, na Zaitun angefungua kitambaa cha wali wake nyumbani. Alipaswa kufurahi, na kwa ajili ya mzee yule alifurahi kweli, lakini furaha yenyewe haikuwa na pa kukaa katika uwanja ule.

"Afande," alisema Rubeni. "Niweke ndani mimi."

"Sina kosa la kukuandikia."

"Nilidanganya polisi."

"Umesema kweli kabla mzee hajapelekwa. Sitaliandika hilo."

"Liandike."

"Hapana, Rubeni."

"Mtu amekufa!" Sauti ilimpasuka. "Lazima kuwe na mtu wa kufungwa. Si mlikuwa mmemfunga mzee wa watu? Nifungeni mimi."

Pudensiana alitafuta kitu cha kumwambia. Alitafuta kweli, kwa sababu alijua jinsi chumba kinavyokuwa jioni mtu akiwa peke yake, na alijua upweke wake ulikuwa wa kazi tu na uhamisho siku moja ungeumaliza. Huu wa kijana huyu haukuwa na uhamisho. Mwisho alisema lile alilokuwa nalo.

"Hukukusudia."

"Basi nitakaa na nani?" Rubeni aliuliza.

Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, akangoja jibu, na Pudensiana alifunika kalamu yake na kuelekea kwenye gari.

Rabson alikuwa mbele, spana mapajani, ameona yote. Pudensiana alikuwa ameshika ufunguo aliposikia mlango wa nyuma unafunguka. Rubeni alipanda, akaketi kwenye benchi la chuma wanapokaa mahabusu, akakutanisha viganja katikati ya magoti.

"Njoo mbele, tutabanana," Pudensiana alimwambia. "Wewe si mahabusu."

"Hapa panatosha, afande."

Aliwasha injini. Akaligeuza gari mbele ya nyumba polepole, akasimama kidogo, akangoja, ili kama kuna mtu ndani anayetaka kumwita kijana yule apate nafasi ya kufungua mlango. Hakuna aliyefungua, naye akaingiza gia.